Safari ya Mama Kwenda Kuona Bahari

Mama yangu alikuwa na desturi ya kushuka kutoka mlimani mara mbili kwa mwaka kuja kututembelea Morogoro mjini. Alipanda gari la ndizi alfajiri kule Kinole, na saa nne za asubuhi alikuwa amekwisha fika kwangu na mkungu wa ndizi, mdalasini kidogo, na kuku aliyefungwa miguu. Jambo la kwanza lilikuwa kuwaita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Desemba 1996 alipofika hakuita mahudhurio. Alikaa barazani juu ya mkeka, akanywa maji, akafungua pindo la kanga yake, akatoa fedha zilizofungwa kwa uzi na kuziweka mbele yangu. Zilikuwa shilingi 18,000.

“Mwalimu,” aliniambia, maana aliniita hivyo tangu nilipoajiriwa, “hizi ni fedha za mdalasini. Nimeziweka miaka mitatu. Nipeleke Mombasa.”

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia kwamba nilisimama palepale nikasema ndiyo. Sikufanya hivyo. Nilimwambia kwamba kama anataka kuona bahari, bahari ipo Dar es Salaam, mwendo wa saa tatu tu, na Bagamoyo iko karibu vilevile. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetoa jibu la swali jingine. “Sitaki kuona bahari,” akasema. “Nataka kuona mahali alipopandia kaka yangu.”

Niliinamisha kichwa, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza kuniomba.

Yampasa msomaji aelewe jambo hili. Sisi Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la ukoo hupitia mikononi mwa mjomba. Baba huheshimiwa, na jina lake tunalibeba shuleni na kazini, lakini mjomba ndiye anayempa mtu mahali pa kusimama. Akifa mjomba, wazee hukaa, matanga huanuliwa, na jina lake hupewa mpwa ili nyumba isizimike moto. Kwa hiyo mjomba aliyepotea si huzuni ya dada zake peke yao. Ni mlango wa ukoo ulioachwa wazi.

Kaka yake mama aliondoka nyumbani mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kutoka Tanganyika walichukuliwa vijana zaidi ya 80,000 katika vita ile, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na majumbe. Yeye alikwenda kwa namna zote mbili, kama mama alivyopenda kusema: jumbe alimsukuma, naye akaona afadhali. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Alikumbuka kwamba kaka yake aliondoka amevaa shati la baba yao, kwamba alimwahidi kitambaa chekundu, na kwamba hakugeuka nyuma alipofika kwenye kona ya mto.

Barua yake ilikuja moja tu, mwanzoni mwa mwaka 1944, imeandikwa kwa Kiswahili na mwenzake anayejua kuandika. Karani wa jumbe ndiye aliyeisoma. Ilisema kwamba yuko katika askari wa mizinga, kwamba wako Mombasa wanangoja meli, kwamba nyama ni ya kutosha, na kwamba wamsalimie mdogo wake na kumwambia kitambaa kipo. Miezi kadhaa baadaye ikaja habari kutoka boma kwamba amepotea baharini. Hakuna aliyeeleza ni bahari ipi, meli ipi, wala siku gani.

Wazee wakagawanyika. Wengine walisema amekufa, matanga yakae. Wengine walisema askari wengi waliohesabiwa wafu wamewahi kurudi kwa miguu yao. Vita ilipokwisha, na wenzake kutoka vijiji vya jirani wakarejea na makoti yao mazito, kila aliyeonekana akipanda njia ya mto alikimbiliwa. Nyanya yangu alifariki mwaka 1958 akiwa bado amekataza nyumba ya mwanawe ibomolewe. Matanga hayakukaa, na jina halikurithiwa. Mimi nilizaliwa mwaka 1950. Ndimi mpwa wa kwanza, na ndimi niliyengoja kupewa jina hilo bila kujua kwamba nangoja.

Mama aliniomba mara ya kwanza mwaka 1983. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mama aliisikia habari hiyo redioni kwa jirani, akashuka kuja kuniambia, “Basi njia imefunguliwa.” Nikamjibu, “Tutakwenda mama, hali ikitengemaa.” Mwaka uliofuata palikuwa na ada, ukafuata ujenzi wa nyumba, ukafuata uhamisho. Nilipopewa shule niwe mwalimu mkuu, ikawa kila likizo ina kikao. Kwa miaka kumi na mitatu nilimlipa mama kwa neno “hali”, kumbe yeye alikuwa akivua magome ya mdalasini na kuyauza kwa vipimo, akiweka akiba ya safari niliyokuwa nikiiahirisha.

Mama watoto ndiye aliyeamua. Usiku ule aliniambia, “Baba fulani, wewe hufundisha watoto kwamba kesho ni jina la mwizi. Mpeleke mama.” Asubuhi nikaenda kukopa katika chama chetu cha kuweka na kukopa.

Kulikuwa na kazi ya hati za kusafiria. Karani alimwuliza mama tarehe ya kuzaliwa. Mama akajibu, “Mwaka wa nzige.” Karani alikuwa kijana, akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba nzige walitua nchini mwetu miaka ya mwisho ya ishirini na mwanzo wa miaka ya thelathini. Akafikiri, akaandika 1930. Mama aliitazama ile hati kwa muda mrefu, akaniuliza kama sasa ameandikwa na Serikali. Nikamwambia ndiyo. “Kumbe ni rahisi hivi,” akasema. Neno hilo nililisikia, nikalipita. Nililirudia baadaye sana.

Tuliondoka alfajiri kwa basi la Tanga. Tuliuacha mlima Bondwa nyuma yetu ukiwa umejifunika mawingu, na mama akageuka kuutazama mpaka shingo ikamwuma. Alikuwa amevaa kanga zake nzuri, na katika kikapu chake kulikuwa na ndizi za kuchoma, chupa ya maji ya mto wa kwao, na kifurushi kidogo ambacho hakuniambia kilikuwa na nini. Kila tulipovuka daraja aliuliza maji yale yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Nilimweleza kwamba maji ya Morogoro huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu hukusanya pia mito ya kwao Kinole na Matombo na Mgeta, ikanywesha Dar es Salaam, kisha yanayobaki huingia baharini karibu na Bagamoyo. Tulipopita Chalinze na kuvuka daraja jembamba la Wami nikamwambia kwamba mto huu si wetu, huu wakusanya maji ya Nguru na Ukaguru, lakini nao hufika bahari ileile.

“Yote?” akauliza.

“Yote mama.”

Akanyamaza mpaka Segera.

Muheza tulinunua machungwa dirishani, na jioni tukaingia Tanga tumepauka kwa vumbi, kwa sababu gurudumu lilipasuka njiani nasi tukakaa saa mbili chini ya mkorosho. Tulilala kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye Chuo cha Ualimu Kigurunyembe. Mkewe alimpikia mama samaki kwa nazi. Mama alikula wali, akamwacha samaki. Baada ya mwenyeji wetu kwenda kulala, mama alininong’oneza kwamba samaki wa baharini hajawahi kumla tangu mwaka ule wa habari kutoka boma, na kwamba nisije nikamweleza mwenye nyumba sababu yake, maana atajuta bure.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Miaka yote hiyo nilidhani mama hapendi samaki wa baharini kwa sababu ya harufu.

Siku hizo barabara ya Tanga kwenda Horohoro haikuwa na lami. Tulirushwarushwa katika mashamba ya mkonge mpaka mpakani. Upande wa Tanzania walitupigia muhuri bila maneno. Upande wa Kenya, Lunga Lunga, ofisa aliuliza madhumuni ya safari. Kabla sijasema “matembezi,” mama akajibu mwenyewe:

“Nakwenda kumsalimia kaka yangu.”

“Anakaa wapi, mama?”

“Baharini.”

“Ah, mvuvi,” akasema ofisa, akapiga muhuri. “Msalimie sana.”

Mama akamjibu, “Salamu zitafika, baba.” Tulitoka nje sikuweza kusema neno.

Kutoka Lunga Lunga barabara ilikuwa ya lami. Tulipita Msambweni na Ukunda, minazi upande huu na huu, na kila penye mwanya mama alinyoosha shingo. Lakini bahari haikujionyesha mpaka tulipofika Likoni na kuambiwa tushuke, kwa kuwa abiria huvuka na kivuko kwa miguu, na basi huvuka lenyewe.

Hapo mama alisita. Si yeye peke yake. Mei ya mwaka uleule meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama katika Ziwa Victoria na mamia ya watu, na sisi sote Tanzania tulikuwa bado tuna matanga moyoni. Na hapohapo katika mlango wa Kilindini, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka na kuua watu 272. Watu waliposhuka ule mteremko kuingia kivukoni, walikuwa wakijitafutia nafasi karibu na kingo huku wamenyamaza. Mama alinishika mkono wa shati, si mkono wangu, shati, kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Tulipokuwa katikati ya maji nilimwonyesha kwa kidole: upande huu bandari ya Kilindini, upande ule mlango wa kutokea bahari kuu. Kila meli iliyotoka bandarini wakati wa vita ilipita hapa tulipo.

“Hapa hasa?” akauliza.

“Hapa hasa, mama. Hakuna njia nyingine.”

Akaliachia shati langu. Akasimama wima, akajifunga kanga vizuri, akatazama upande wa mlango ule mpaka kivuko kikagusa ng’ambo.

Tulipata chumba cha bei nafuu mjini, na kesho yake asubuhi tukaenda Mama Ngina Drive. Ni ukingo wa kisiwa unaotazamana na mlango huo wa bahari, penye mibuyu mikubwa, na watu huja kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Tuliketi karibu na mzee mmoja muuza madafu. Akamwuliza mama, “Mwatoka wapi, mamangu?” Mama akamweleza yote, tangu shati la baba yao hadi kitambaa chekundu. Mimi mwanawe sikupata kusikia hadithi ile ikisimuliwa kwa ukamilifu namna ile. Nilikuwa nikiisikia vipandevipande, kwa sababu kila aliponianzia nilikuwa na daftari za kusahihisha.

Mzee yule aliacha kukata dafu. Alisema kwamba wakati wa vita yeye alikuwa kijana mdogo, na babake alikuwa kuli bandarini. Alikumbuka usiku wa kuzima taa, na meli zikitoka gizani zikiwa zimejaa watu, na asubuhi mkiamka bandari ni tupu. “Waliimba,” akasema. “Wakati mwingine tuliwasikia wakiimba, kisha sauti yaenda ikipungua.”

Mama akauliza, “Waliimba? Hawakuwa wakilia?”

“Waliimba, mamangu.”

Sijui kama mzee yule alisema kweli tupu au alimhurumia mgeni. Ninachojua ni kwamba mama alilipokea neno hilo kama mtu anayepokea mzigo wake uliokuwa umepotea stesheni.

Tukashuka mahali panapofikika maji. Mama alivua viatu. Kutoka kikapuni akatoa kile kifurushi: unga mweupe wa tambiko. Akaunyunyiza majini, akasema maneno kwa Kiluguru, akiwataja mama yake na bibi yake na wenye ukoo wote waliotangulia, na mwisho akamtaja kaka yake kwa jina. Kisha akaifungua ile chupa ya maji ya mto, akayamimina taratibu. Mzee wa madafu, aliyekuwa ametufuata nyuma kwa adabu, aliinua mikono akasoma dua, nasi tukaitikia amina.

Baada ya hapo mama aliinama akachota maji kwa kiganja akayaonja. Akakunja uso.

“Mwalimu, umesema mito yetu yote huja huku. Mbona haijapunguza chumvi?”

Hilo lilikuwa swali la darasa langu. Nikamweleza kwamba jua huyanyanyua maji ya bahari yakawa mvuke na kuiacha chumvi chini. Kwamba upepo hubeba mvuke huo kuja bara. Kwamba mlima wa kwanza mkubwa kuukinga upepo huo kwa upande wetu ni Uluguru. Ndiyo maana mteremko wa mashariki, Kinole na Tegetero, hupata mvua karibu mwaka mzima, wakati ng’ambo ya pili ya mlima watu hutazama mawingu bila faida.

Mama alifikiri sana. “Kwa hiyo mvua ya kwetu inatoka hapa.”

“Ndiyo mama.”

“Basi amekuwa akija,” akasema. “Ni sisi tuliokuwa tukitazama njia ya mto.”

Sina la kuongeza juu ya neno hilo. Nimefundisha somo la mzunguko wa maji kwa miaka mingi na sijapata mwanafunzi aliyelielewa hivyo.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Siku ile alasiri tulitembea mjini. Tuliiona Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593, na katika barabara iitwayo Jomo Kenyatta Avenue tukafika penye sanamu za askari. Ni ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wa ile sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam. Mama alilizunguka jiwe lile lote, akiyatazama maandishi asiyoweza kuyasoma. Akaniuliza, “Jina lake limeandikwa hapa?”

Nilimjibu kwamba sanamu hizi ni za vita ya kabla, na tena hazina majina ya askari. Hadi hapo nilikuwa sahihi. Lakini yeye akauliza tena, “Limeandikwa mahali pengine popote?”

Nikamjibu, kwa sauti yangu ya darasani, “Hapana mama. Wazungu waliandika majina ya Wazungu. Sisi hatukuandikwa.”

Mama akatikisa kichwa polepole. Akasema, “Mimi nimeandikwa. Mwaka wa nzige.” Kisha akasema twende.

Sikuwa nimesoma kitabu chochote juu ya jambo lile. Sikuwa nimemwuliza mtu. Nilikuwa na hasira ya haki juu ya ukoloni, na hasira ile ilinitosha badala ya utafiti. Mwalimu akisema asilolijua kwa sauti ya mwalimu, huwa amefunga mlango, na anayemwamini hatabisha hodi tena.

Tulirudi salama. Wazee walikaa Januari 1997. Mama alitoa ushahidi kama mtu aliyetoka kuzika: aliona njia aliyopita, alionja maji yake, na waliompeleka waliimba. Hakuna mzee aliyebisha. Matanga yakakaa siku tatu, yakaanuliwa, na jina la mjomba nikapewa mimi. Nyumba ile ya mteremkoni, iliyokuwa imebaki nguzo mbili na mwiba, ikabomolewa hatimaye, na mahali pake mama akapanda mdalasini. Agosti ya mwaka huo huo ghasia zikazuka Likoni na watu wakauawa. Tungeahirisha mwaka mmoja tu zaidi, nisingethubutu kumpitisha mama pale.

Mama alifariki mwaka 2004. Katika miaka ile saba ya mwisho alikula samaki wa baharini kila alipokuja kwangu.

Mwaka 2023 mjukuu wangu, kijana wa chuo, aliniomba nimsimulie habari za jina langu la ukoo. Nilimsimulia. Naye hakuniambia neno, akaondoka na simu yake, na baada ya siku mbili akarudi. Akaniuliza, “Babu, barua ilisema ni askari wa mizinga, na ilifika mwanzoni mwa 1944?” Nikasema ndiyo. Basi akanisomea.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa, pamoja na meli nyingine, kwenda Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa makombora, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Manowari za Kiingereza zilipoisaka nyambizi hiyo, zilitupa mabomu yao mahali palepale walipokuwa wakielea wale waliosalimika. Waliookolewa walizidi kidogo tu 200.

Kisha kijana akaniambia kwamba waliokufa katika meli ile wanakumbukwa Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyoko Ngong Road, penye Ukumbusho wa Afrika Mashariki wa askari wasio na kaburi. Akafungua orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, akanipa simu niangalie mwenyewe. Jina lilikuwapo. Karani wa jeshi alikuwa ameandika “r” penye “l”, kama ambavyo makarani wamekuwa wakitufanyia siku zote, lakini lilikuwapo, na namba yake ya askari, na tarehe ile ya 12 Februari.

Alikuwa ameandikwa. Siku ile mimi na mama tuliposimama mbele ya sanamu Mombasa, jina lake lilikuwa Nairobi, mwendo wa usiku mmoja kwa basi, nasi tulikuwa na hati mkononi na nauli iliyobaki. Niliagiza chai, tukageuza nyumbani.

Nilipanda Kinole wiki iliyofuata. Nilikaa kaburini kwa mama, nikamsomea yote kutoka katika karatasi: jina la meli, siku, saa ya mchana, idadi ya watu. Habari ya mabomu sikuisoma. Mwishoni nikamwambia, “Mama, nilikuambia hatukuandikwa. Nilikosea.” Mvua ilikuwa ikinyesha ile nyembamba ya huko kwetu isiyomfukuza mtu shambani, na sikufungua mwavuli.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunao wazazi wanaotuomba mambo yanayoonekana kuwa ya safari, kumbe ni ya ukoo. Wanasema “nipeleke nikaone,” nasi tunapiga hesabu ya nauli. Mpeleke angali anaweza kupanda ngazi ya basi. Na akikuuliza swali usilolijua, usimjibu kwa sauti. Mwambie, “Mama, ngoja niulize,” kisha uulize kweli.

Sasa ni zamu yangu kupelekwa. Mjukuu amekata tiketi mbili za basi kwenda Nairobi kupitia Namanga. Alitaka twende kwa ndege, kwa kuwa magoti yangu si yale ya zamani, nikakataa. Nimefunga kikapu changu mwenyewe. Kina ndizi za kuchoma, chupa ya maji ya mto, unga kidogo, na kitambaa kimoja chekundu nilichokinunua sokoni Morogoro juzi, ambacho muuzaji aliniuliza ni cha nani nami nikamwambia ni deni.